Kufuli la HTTPS na macho ya kampuni ya mtandao: mwongozo kamili wa kujua wanaona nini na namna ya kuwapunguzia

Kwenye hii ishu watu wamegawanyika. Wapo wanaoona tovuti imeanza na https wanajiachia kabisa, eti kampuni ya simu haioni kitu, na wapo wanaoamini kuna jamaa kakaa ofisini na soda yake anasoma kila unachoandika. Wote wamekosea, ila wa kwanza ndo yuko kwenye hatari zaidi kwasababu amejiachia.

Chukulia kampuni yako ya intaneti kama konda wa daladala: anajua umepandia wapi, umeshukia wapi, saa ngapi na umebeba mzigo wa ukubwa gani, ila ulichoenda kufanya huko uliposhukia hakijui. HTTPS inafunga yaliyomo ndani. Unakokwenda, mara nyingi, kunabaki wazi.

Ushahidi unao mfukoni tayari. Ukinunua bando la WhatsApp peke yake, mtambo wa kampuni unajuaje hizi MB ni za WhatsApp na zile ni za YouTube? Meseji zako hauzisomi, zimefungwa kuanzia kwenye simu yako mpaka kwa unayemtumia. Unaangalia tu data inaelekea wapi. Na wale vijana wa neti ya bure wanaouziana "host" kwenye magrupu ya Telegram, ujanja wao wote ni kuandika jina la tovuti ambayo haikatwi bando ili mtambo udanganyike, maana mtambo unasoma jina ukishaliona unaridhika (sisemi ukafanye, laini ikifungwa usinitafute). Hilo jina ndo tutakalolifukuzia kwenye mwongozo mzima.

Kwanza uelewe safari ya ukurasa mmoja

Tuseme unafungua makala ya UKIMWI kwenye Wikipedia ya Kiswahili, yaani https://sw.wikipedia.org/wiki/UKIMWI. Kabla herufi moja haijatokea kwenye skrini, kuna mambo matatu yanapita.

Simu inauliza kwanza: sw.wikipedia.org iko kwenye anwani gani ya IP (ile namba ya seva kwenye mtandao)? Hiyo ndo DNS, mfumo uliobuniwa 1983 enzi ambazo hakuna aliyewaza faragha, na mpaka leo kwenye simu nyingi swali linatoka wazi kabisa kupitia poti 53 (poti ni kama mlango wenye namba unaopitisha aina fulani ya data), tena linaenda kwa seva ya DNS ya kampuni yenyewe ya simu. Yaani unamuuliza mwenyewe njia halafu unategemea asijue unakoenda.

Ikishapata jibu inaunganisha kwenye ile IP. Nayo inaonekana, haina namna, pakiti, yaani kipande cha data, isiyo na anwani haifiki. Tovuti kubwa kama Wikipedia zina IP zao kwa hiyo ukiijua IP umejua tovuti, ila tovuti nyingi ndogo ziko nyuma ya kampuni za kubeba tovuti za wengine kama Cloudflare, maelfu yao wakichangia anwani zilezile, hapo IP peke yake haisemi mengi.

Halafu inakuja salamu ya kwanza ya TLS, ule mfumo wa kufunga data unaotumiwa na HTTPS, wenyewe wanaiita ClientHello, na ndani yake kuna kitu kinaitwa SNI ambacho ni jina la tovuti limeandikwa wazi. Kwanini wazi wakati tunasema ni salama? Kwasababu seva moja inaweza kubeba tovuti mia, na lazima ijue ilete cheti (kitambulisho) cha tovuti gani kabla hamjakubaliana ufunguo. SNI ililetwa 2003 kutatua hilo tatizo na ikatuachia hili.

Baada ya hapo kila kitu kinafungwa: ile /wiki/UKIMWI, ulichoandika kwenye kutafuta, nywila, kuki, picha, fomu ulizojaza. Kwenye TLS 1.3 iliyotoka 2018 hata cheti cha tovuti kinapita kimefungwa, kwenye 1.2 kilikuwa kinaonekana. Kwa hiyo kampuni inajua ulikuwa Wikipedia ya Kiswahili saa tano na dakika kumi usiku, ila haijui ulisoma UKIMWI au historia ya Kilwa.

Mfano mzuri wa hili ulitokea Urusi. Wikipedia walihamia HTTPS kwa watu wote Juni 2015, na Agosti mwaka huohuo mamlaka ya mawasiliano ya Urusi ikataka makala moja tu inayohusu bangi ya aina ya charas ifungiwe. Makampuni ya intaneti hayakuweza kuichomoa makala moja kwasababu hayaoni unasoma ipi, ilibidi wafunge Wikipedia ya Kirusi nzima, na amri ikaondolewa haraka. Ndo maana nchi zetu nazo zikitaka kuzima mtandao fulani huwa wanazima mzima. Tanzania Twitter ilibanwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021, hukuwahi kusikia wamezima posti moja.

Jina peke yake linasema mengi

Usidharau mambo ya "ni jina tu". Tovuti ya kituo cha ushauri wa ulevi, tovuti ya kubeti, tovuti ya chama cha siasa, tovuti ya wakili wa talaka, hapo hauhitaji kujua ukurasa. Na tovuti za mtindo wa jinalako.blogspot.com ni mbaya zaidi kwasababu kile kipande cha mbele nacho ni sehemu ya jina, kinasomeka chote. Kanuni rahisi: kilicho kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti kinaonekana, kilicho baada yake kimefichwa.

Marekani, ambako Bunge lilifuta 2017 kanuni zilizotaka makampuni ya intaneti yaombe ruhusa kabla ya kutumia historia ya wateja wao, tume yao ya biashara, FTC, ilitoa ripoti Oktoba 2021 ikaonyesha makampuni yanakusanya kuliko wateja wanavyodhani na mengine yanawapanga watu kwenye mafungu nyeti kama rangi na mwelekeo wa kimapenzi ili kuuza matangazo. Hayo yote wakati tovuti nyingi zilishahamia HTTPS.

Halafu kuna ukubwa na muda. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha unaweza kutambua filamu gani ya Netflix mtu anaangalia bila kufungua chochote, kwa kuangalia tu ukubwa wa vipande vya data vinavyoshuka, maana kila filamu ina mpangilio wake. Hii haifanywi kwa kila mteja kila siku, lakini inawezekana. Na kwenye simu ongeza mnara uliopo na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole zako, kwa hiyo swali la "huyu ni nani" hawana kabisa.

Hatua ya 1: jionee mwenyewe kabla hujabadilisha kitu

Usiniamini mimi, angalia. Kwenye laptopu shusha Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha data inayopita kwenye mtandao, ni ya bure. Ifungue, chagua waifai yako (yako, siyo ya jirani), ibonyeze ianze kunasa. Pale juu kwenye kichujio andika dns halafu fungua tovuti yoyote ya habari. Kama haitokei kitu inawezekana majibu yalishahifadhiwa, kwenye Windows fungua Command Prompt uandike ipconfig /flushdns urudie.

Utashangaa. Ulifungua tovuti moja ila utaona majina kibao yanamiminika, doubleclick.net, google-analytics.com, seva za fonti, seva za video, mitandao ya matangazo ambayo hujawahi kuisikia, yote yameandikwa kwa herufi zinazosomeka. Sasa futa uandike kwenye kichujio tls.handshake.extensions_server_name na urudie. Hapo unaona SNI, bonyeza pakiti moja, panua sehemu ya TLS mpaka ufike "Server Name" na jina litakuwa pale limekaa. Endelea kutafuta nywila yako au ukurasa uliosoma, hautaona, utakuta "Application Data" na takataka za herufi. Hiyo ndo picha ileile anayoipata aliye katikati.

Kama unatumia Chrome baadhi ya pakiti zitasoma QUIC, njia nyingine ya kusafirisha data, badala ya TLS ya kawaida. Usidanganyike kwamba hiyo imefichwa, salamu yake ya kwanza inafungwa kwa ufunguo unaotokana na namba iliyopo kwenye pakiti hiyohiyo, Wireshark yenyewe inaufungua na jina linatoka.

Huna laptopu? Kwenye Android weka PCAPdroid, haihitaji kuruti simu (kuvunja ulinzi wa ndani wa mfumo wake). Inakuonyesha kila programu inaongea na jina gani. Jaribu hivi: iwashe, weka simu mezani usiiguse, nenda kaoge. Ukirudi pitia orodha uone programu ya tochi inaongea na nani usiku huu.

Hatua ya 2: hakikisha hakuna kinachopita bila HTTPS

Hii fupi. Ukurasa wa http tupu aliye katikati anausoma wote na anaweza hata kuongeza vitu ndani yake. Verizon ya Marekani ilikuwa inapachika namba ya utambulisho kwenye maombi ya wateja wake ya http ili wafuatiliwe na watangazaji, ikapigwa faini ya dola milioni 1.35 mwaka 2016. Kwenye https ile namba haikuweza kuingia. Kwenye Firefox washa "HTTPS-Only Mode", kwenye Chrome washa "Always use secure connections", zote ziko sehemu ya faragha na usalama. Na usitafute lile kufuli la zamani kwenye Chrome, walilitoa 2023 wakaweka alama ya vitelezi kwasababu watu walidhani kufuli maana yake tovuti ni ya kuaminika. Tapeli naye ana https, vyeti ni bure tangu Let's Encrypt waanze.

Hatua ya 3: funga DNS

Hapa ndo pa kutumia muda wako, ni bure na inachukua dakika mbili. Ila kwanza tuondoe uongo mmoja unaosambaa sana kwenye video za YouTube, kwamba ukiweka 8.8.8.8 (DNS ya Google) au 1.1.1.1 (ya Cloudflare) kwenye setingi za waifai umejificha. Hapana mkuu. Umebadilisha unayemuuliza ila swali bado linapita wazi mbele ya kampuni yako, wanalisoma likipita. Inabidi swali lenyewe lifungwe, na kwa hilo kuna njia mbili, DoT (DNS over TLS) inayotumia poti 853 na DoH (DNS over HTTPS) inayojificha humohumo kwenye poti 443 ya tovuti za kawaida.

Android 9 na kuendelea: ingia setingi, "Network & internet", "Private DNS". Kwenye Samsung iko "Connections" halafu "More connection settings". Utakuta imewekwa "Automatic", na hiyo siyo salama unavyodhani kwasababu DNS ya kampuni isipokubali kufungwa simu inarudi kwenye ya wazi kimyakimya bila kukwambia. Chagua ile ya kuandika jina la mtoa huduma, halafu andika mojawapo: dns.quad9.net, au one.one.one.one, au dns.google. Andika jina, siyo namba, ukiweka namba inakataa. Save.

Mimi ningechagua Quad9, ni shirika lisilo la faida lililohamishia makao yake Uswisi na linazuia tovuti zinazojulikana kwa virusi, ila ukweli usemwe, yeyote utakayemchagua sasa yeye ndo anaona maswali yako yote. Hujaufuta uaminifu, umeuhamisha. Kumpa Google maswali ya DNS wakati tayari ana Gmail yako na historia ya YouTube, hiyo ni hesabu yako mwenyewe.

Kwenye iPhone ya iOS 14 kwenda juu njia rahisi ni kuweka programu ya 1.1.1.1 na kuchagua hali ya DNS peke yake. Windows 11: setingi, mtandao, fungua waifai yako, "Hardware properties", badilisha DNS iwe ya mkono, weka 1.1.1.1 na pale chini kwenye "DNS over HTTPS" washa. Watu wengi wanasahau hicho kipande cha mwisho wanabaki palepale. Kwenye Firefox ya kompyuta au ya Android tafuta "DNS over HTTPS" uweke "Max Protection".

Ukimaliza rudi Wireshark na kile kichujio cha dns. Kukiwa kimya, umefanikiwa. Kama umewasha kwenye Firefox tu basi programu nyingine za kompyuta zitaendelea kuuliza wazi, ndo maana napendelea kuweka kwenye mfumo mzima.

Hatua ya 4: funga na SNI, pale inapowezekana

Umefunga DNS ila jina bado linavuja kwenye salamu. Dawa yake inaitwa ECH, inafunga ile salamu na kuacha jina la nje la bandia. Firefox na Chrome waliianza kwa watumiaji wote kuanzia 2023, lakini inafanya kazi pale tu ambapo DNS iliyofungwa imewashwa kwenye brauza na tovuti yenyewe inaikubali. Kwa sehemu kubwa ni tovuti zilizo nyuma ya Cloudflare, na zote hizo kampuni yako itaona jina moja tu, cloudflare-ech.com.

Kujua kama kwako inafanya kazi fungua crypto.cloudflare.com/cdn-cgi/trace, utaona mistari kadhaa ya maandishi, tafuta ulioanza na sni. Ukisoma sni=encrypted uko vizuri, ukisoma sni=plaintext rudi kaangalie DNS ya brauza yako.

Usitegemee itafunika kila kitu. Benki nyingi, tovuti za serikali, Wikipedia yenye IP zake, hapo anwani yenyewe inakusema. Na wakubwa wasioipenda wanaizima tu: China iliibana ile ya awali, ESNI, mwaka 2020, Urusi ikaanza kuzuia ECH ya Cloudflare Novemba 2024. Ukiona serikali inahangaika na kitu cha kitaalamu namna hii ujue kinafanya kazi.

Hatua ya 5: VPN, kwa akili

VPN inaweka kila kitu ndani ya bomba moja. Kampuni ya simu inabaki kuona IP ya seva ya VPN, saa, na MB zilizopita. Majina yote yanapotea machoni pake na kuhamia machoni pa mwenye VPN, ambaye sasa ndo anaona vyote ambavyo kampuni ilikuwa inaona. Kwa hiyo swali ni moja, huyu wa VPN unamwamini kuliko kampuni yako? Kama ni ya bure na hujui analipaje seva, jibu ni hapana. Facebook walikuwa na VPN ya bure inaitwa Onavo, watu waliiweka wakidhani inawalinda kumbe inawapa Facebook taarifa watu wanatumia programu gani za washindani, Apple wakaisukuma nje ya duka lao 2018. Hiyo ni kampuni inayojulikana dunia nzima, je hii yenye picha ya ngao na jina usilolijua?

Ukichagua ya kulipia, kwenye Android ingia setingi za VPN uwashe "Always-on VPN" na "Block connections without VPN", la sivyo mtandao ukikatika sekunde mbili data inatoka nje wazi halafu unarudi ndani hujui kitu. Kisha pima kwenye dnsleaktest.com, ukiona bado inataja kampuni yako ya simu kuna tundu.

Na sheria zipo. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano TCRA walitoa tangazo Oktoba 2023 wakitaka watu na makampuni yanayotumia VPN wawasilishe taarifa zao kabla ya mwisho wa mwezi ule. Mlioko Oman na Dubai huko nako kuna sheria zake, soma kabla hujaweka.

Tor Browser ni hatua ya juu yake, inapitisha data kwenye vituo vitatu ili hata mmoja asijue yote. Ni polepole, video sahau, na kampuni itaona kwamba unatumia Tor, japo kuna madaraja ya kuficha hilo. Kwa mwandishi wa habari au mtu anayeogopa kwa sababu za kweli, hii ndo njia. Kwa kuangalia matokeo ya mpira ni kujitesa.

Vitu ambavyo hakuna hatua inayovigusa

Incognito haifichi chochote kwa kampuni, inafuta historia kwenye simu yako tu. SMS na USSD hazina habari na HTTPS, zinapita kwa kampuni kama zilivyo, kwa hiyo ukijadili siri yako kwa SMS halafu ukaweka VPN, umefunga dirisha mlango uko wazi.

Simu au laptopu ya kazini ndo mtego mkubwa. Mwajiri akishaweka cheti chake ndani ya kifaa anaweza kufungua HTTPS yako njiani, akasoma, akaifunga tena, na brauza isilalamike. Kazakhstan walijaribu hii kwa nchi nzima Julai 2019, wananchi waliambiwa waweke cheti cha serikali kwenye simu zao, mpaka Google, Mozilla na Apple wakakizuia kwenye brauza zao. Kagua yako: Android, setingi za usalama, "Trusted credentials", halafu upande wa "User". Pakiwa patupu shwari. Ukikuta jina usilolijua na simu ni yako, lifute. Kama ni ya ofisi, mambo yako yafanyie kwenye simu yako na bando lako.

Mwisho ni ile kero itakayokukuta wiki ya kwanza: umeingia hotelini au kwenye kituo cha basi, waifai imeshika lakini intaneti haifunguki na simu inaandika "Private DNS server cannot be accessed". Simu ni nzima. Ule mtandao unataka kwanza ukurasa wake wa kuingia ufunguke, au umefunga poti 853. Zima Private DNS, ingia, kubali masharti yao, kisha iwashe tena. Ikigoma kuwaka baada ya hapo tumia DoH ya kwenye Firefox, ile inapita poti 443 pamoja na tovuti nyingine na ni ngumu kuizuia bila kuzuia kila kitu, na ikigoma hata hiyo zima waifai utumie bando lako.